Sauti Iliyofunguliwa Mara Thelathini na Moja

Homa Bay,
Alhamisi, 6 Februari 2025

Mjomba Mirumbe,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Macalder, wewe na anti Nyasuguta na watoto. Sisi hapa hatujambo. Mvua bado, joto la ziwa limetubana, na Mama analalamika goti. Aliponiona nikichukua karatasi aliuliza namwandikia nani. Nilipomwambia ni wewe, alirudi jikoni.

Nampa Edith barua hii kwa sababu anapeleka omena, dagaa wa ziwa, huko kwenu kila Alhamisi, na kwa sababu simu yako, kama kawaida, inaita tu mpaka inachoka.

Nina jambo la kukuuliza. Unajua kazi yangu hapa chuoni ni kuwafundisha watakaokuwa walimu. Miaka yote nimesahihisha kwa kalamu. Wanafunzi mia moja na arobaini, majuma matano ya kuandika pembeni mpaka vidole vinakufa ganzi, na nikirudisha karatasi kila mmoja anatazama alama kisha anaikunja. Muhula huu tunajaribu njia nyingine. Mwanafunzi anatuma kazi yake, yaani andalio la somo, kwa mtandao, nami naifungua kwenye kompyuta na kuisoma huku nikiongea. Kompyuta inashika sauti yangu pamoja na kishale ninachoonyeshea. Dakika tatu hivi kwa kila mtu. Yeye anafungua kwa simu, anasikia kana kwamba nimeketi kando yake, anarekebisha, anatuma tena. Wengi wameipenda. Mmoja aliniambia hakujua kumbe huwa nacheka.

Kompyuta hunionyesha pia nani amefungua sauti yake na mara ngapi. Wengi ni mara moja, mara mbili. Lakini kuna msichana wa huko kwenu, jina lake Scovia, mwaka wa tatu, ambaye amefungua yake mara thelathini na moja. Nilijiambia huyu ndiye mwanafunzi. Kisha kazi ya pili ikaja. Kila mahali kishale changu kiliposimama amebadilisha kitu, ila si kile nilichosema. Nilimwambia mfano wake wa majani ya muhogo ni mzuri, asiuguse. Ameufuta. Nilimwambia lengo la somo halipimiki. Ameliandika lile lile kwa herufi kubwa zaidi.

Sielewi, mjomba. Miezi hii wanasoma wakiwa nyumbani, kwa hiyo siwezi kumwita ofisini. Nimempigia simu mara mbili, hashiki. Wewe unamfahamu kila mtu hapo kwenye machimbo. Ni mtu wa namna gani?

Mpwa wako,
Celestine


Macalder,
5 Machi 2025

Mpwa wangu Celestine,

Barua yako ilifika, na Edith alinipimia omena ya nyongeza akasema ni salamu zako. Ahsante. Huku tunaendelea. Nyasuguta amepanda maharagwe kabla ya mvua na sasa kila jioni anaangalia mawingu. Mtoto wetu wa mwisho ameng'oka meno mawili. Mwambie dada yangu goti alikande na maji ya moto. Kama hataki salamu zangu mwambie hilo la maji limetoka kwako.

Mtandao wa simu huku ni mbaya, ndiyo maana.

Hiyo mashine yako imenifikirisha. Inajua mtu amefungua, sawa. Je, inajua kama amesikiliza? Mtu anaweza kufungua akaiacha iongee peke yake huku anafua nguo. Na inajuaje kwamba ni yeye na si ndugu yake? Niliwahi kumwona mwalimu wetu wa Kegonga akipanda juu ya meza kutazama kama tumeelewa. Alikuwa anatutazama macho tu, hakuuliza kitu. Wewe unawatazama na nini?

Scovia namjua. Ni mtu wa kazi. Mama yake anachuja mchanga wa dhahabu kule mtoni, na yeye tangu amalize sekondari anafanya kazi hapa kwenye mashine yetu ya kusagia mawe kila anapokuwa nyumbani. Analisha mawe, mimi nasimamia mashine. Hana maneno mengi. Hapa hakuna mwenye maneno mengi, kelele ni kubwa, tunaongea kwa mikono.

Nitamwuliza.

Mjomba wako,
Mirumbe


Homa Bay,
27 Machi 2025

Mjomba,

Nashukuru kwa barua. Nilisubiri nyingine Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata tena, Edith akaja mikono mitupu akasema alikuona kwa mbali, akakuita, hukugeuka. Natumaini si homa.

Sisi ni wazima. Mama alikanda goti. Sikumwambia ushauri ulitoka wapi, lakini alisema, "Hivyo ndivyo mama yetu alivyokuwa akifanya."

Maswali yako nimeyabeba mpaka kwenye mkutano wa idara. Lile la kusikiliza na kufungua hakuna aliyelijibu. Niliporudi nilirekodi upya maoni ya Scovia. Nilidhani labda naongea haraka, kwa hiyo nilienda polepole, neno kwa neno, kama nasomea watoto imla. Alifungua mara arobaini na nne. Kazi ya tatu imekuja imeharibika kuliko ya pili.

Mwenzangu, Dakta Angwenyi, amesoma kazi zake zote tatu. Anasema mtu aliyeandika ile ya kwanza ni mwerevu, na anayeirekebisha hajui anachofanya, kwa hiyo ni watu wawili. Anadhani msichana amemtafuta mtu wa kumwandikia. Anataka aitwe mbele ya kamati. Nimemwomba asubiri. Kazi hii isipopita kufikia tarehe thelathini Mei, Scovia haendi kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka huu, na sijui kama atarudi mwaka ujao.

Mimi siamini ni watu wawili. Darasani alikuwa akikaa mbele kabisa, katikati, na nilipokuwa nikiongea hakuondoa macho usoni pangu hata kuandika. Nilikuwa nikijisifu kwamba nimepata mtu anayependa somo langu.

Ulimwuliza? Alisema nini?

Celestine


Macalder,
14 Mei 2025

Mpwa wangu,

Samahani kwa kukaa kimya. Mvua ilikuja yote kwa pamoja, mashimo yakajaa maji, kazi ikasimama majuma mawili. Maharagwe yako salama. Sina homa.

Kuhusu Scovia. Usimtumie sauti. Yale uliyoyasema, yaandike. Yote, hata pale uliposifu. Usibadilishe kitu.

Kazi ni yake mwenyewe, mwambie huyo daktari.

Mirumbe


Homa Bay,
29 Mei 2025

Mjomba,

Barua yako ilikuwa na mistari michache kuliko risiti, lakini nilifanya ulivyosema siku hiyo hiyo. Niliketi nikasikiliza sauti yangu mwenyewe na kuiandika: ukurasa mmoja na nusu. Nilimtumia saa nne usiku.

Kesho yake kabla ya saa sita kazi ilikuwa imerudi. Majani ya muhogo yamerejea. Lengo ambalo lilikuwa linasema "mwanafunzi aelewe sehemu za mmea" sasa linasema "mwanafunzi achukue mmea wowote nje ya darasa na kuonyesha sehemu zake nne kwa kidole." Hoja kumi na moja nilizotoa, amezishughulikia zote kumi na moja, na katika moja amenipinga, kwa sababu nzuri. Angwenyi alisoma akavua miwani. Alisema, "Nilikuwa tayari kumfukuza." Kisha akaniomba nisimwambie mtu kwamba alisema hivyo, nami nakuambia wewe tu. Amepita. Ataenda kufundisha Septemba.

Scovia aliniandikia mstari mmoja: "Ahsante mwalimu kwa kuandika, sasa nimeona ulichotaka." Nilimjibu nikamwuliza mbona hakusema mapema. Hajajibu.

Ulijuaje, mjomba? Nimekaa na swali hilo siku nyingi. Mtu anayefungua sauti mara arobaini na nne anataka kuisikia. Mtu anayekaa mbele na kutazama midomo. Mtu asiyeshika simu. Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu niliona nimeelewa habari za Scovia. Nilitaka kukuandikia kwamba hasikii na wewe ulilijua hilo. Ndipo nikasimama, kalamu mkononi.

Wewe pia hushiki simu. Edith alikuita hukugeuka.

Na nitakuambia jambo ambalo Mama hajakuambia. Agosti mwaka jana, tulipomzika nyanya kule Kegonga, alikufuata nyuma ya boma ulipokuwa ukifunga kamba za turubai. Mimi niliwaona nikiwa mlangoni. Alikuuliza kama utarudi kuutunza mji wa wazazi au uachwe uanguke. Aliuliza mara mbili. Uliendelea kufunga kamba, kisha ukaondoka bila kugeuka. Tangu siku ile anasema ulimdharau mbele ya kaburi la mama yenu. Ndiyo sababu hasemi jina lako.

Mjomba, ulimsikia?

Celestine


Macalder,
15 Juni 2025

Mwanangu Celestine,

Hapana. Sikumsikia.

Nimesoma mahali hapo pa barua yako mara nyingi. Sikujua dada yangu alisimama nyuma yangu. Nilijua tu kwamba kuanzia siku ile hakunitazama tena, nikadhani amekasirika kwa sababu nilichelewa kufika mazishini. Mimi nami nikakasirika, kwa sababu nilichelewa kwa sababu ya ubovu wa barabara.

Sasa nitakuambia. Nimekuwa kwenye mashine hii miaka kumi na minne. Miaka ya kwanza masikio yalilia jioni, asubuhi yakapona. Baadaye yakalia siku zote. Kisha sauti za watoto zikaanza kupotea, kwanza zile nyembamba. Sasa nikiambiwa kitu na mtu ninayemwona uso, napata nusu, nyingine nakisia. Nikiwa nimegeuka sipati kitu. Simu ni mvumo tu. Mwenye mashine hajui. Anadhani nina sikio zuri kuliko wote kwa sababu nikigusa pipa la mashine najua jiwe limebana wapi. Sisikii, nahisi kwa kiganja. Anti yako anajua. Nilimkataza kusema.

Nilipopata barua yako ya kwanza niliona aibu kuisoma. Mara thelathini na moja. Mimi pia nina sauti kwenye simu, nyanya yako alinirekodia kabla hajafa. Ilikuwa imekaa miezi mitatu bila mimi kujua ipo. Sijui nimeifungua mara ngapi. Namsikia akipumua.

Nilikuambia nitamwuliza Scovia, na nilikaa wiki nyingi nikikwepa. Jumapili moja mwezi wa nne mashine ilikuwa imezimwa. Nilimkuta ameketi juu ya magunia ya mawe na simu sikioni, ameibana kabisa. Nikaketi mbele yake. Nikamwambia, "Scovia, kuna mtu ananiuliza habari zako." Akatazama midomo yangu. Akajibu kitu. Nikatazama midomo yake. Sikupata. Nikasema, "Nini?" Naye akasema, "Nini?" Tukabaki hivyo, kila mtu amekodolea macho mdomo wa mwenzake, anangoja. Ndipo nikaona uso wake unabadilika, na nadhani wangu pia ulibadilika. Miaka minne tumefanya kazi bega kwa bega, tukiongea kwa mikono, na hakuna aliyejua.

Akaanza kucheka. Nami nikacheka. Halafu yeye akalia.

Tulichukua mkaa tukaandikiana juu ya gunia. Yeye aliandika: WAKIJUA HAWATANIPA DARASA. Mimi niliandika: WAKIJUA WATANITOA KWENYE MASHINE. Alisema, yaani aliandika, kwamba sauti yako anaisikia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Anajua mahali unapoonyesha kwa kishale, hajui kama unasifu au unakosoa. Alikuwa anakisia. Aliniapisha nisikuambie. Ndiyo sababu barua yangu ilichelewa na ikawa fupi. Nilitafuta namna ya kumsaidia bila kuvunja neno langu na bila kujitaja.

Wiki iliyopita nilimwonyesha barua yako. Alifikiri siku mbili. Akaandika: MWAMBIE, LAKINI WEWE UTAJE LAKO KWANZA. Basi nimetaja.

Mwambie dada yangu.

Mirumbe


Homa Bay,
10 Julai 2025

Mjomba,

Nilimsomea Mama barua yako mezani. Nilipofika pale unaposema hukujua alisimama nyuma yako aliniambia nirudie. Nilipomaliza alitoka nje akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaniambia, "Nilimsema kwa kila mtu. Hata kanisani nilimsema." Alilia kidogo, kisha akaanza kunigombeza kwa nini sikuona mapema, mimi niliyesoma. Nilikuwa mlangoni siku ile, niliwaona wote wawili.

Nimeongea na hospitali hapa mjini. Wana mtu wa kupima masikio siku za Jumatano. Nimewaandikisha wewe na Scovia tarehe ishirini na tatu. Mtalala kwangu. Mama amesema atapika mwenyewe, na ukisema umeshiba hatakuelewa.

Sasa habari za mashine yangu, maana wewe ndiye uliyeuliza swali ambalo sisi wote hatukujiuliza. Kwa miaka tisa nimewafundisha vijana kwamba mwalimu hajui kama ameeleweka mpaka aulize. Halafu nimewarekodia watu mia moja na arobaini sauti na kuhesabu mara walizofungua. Wiki hii niliwaandikia wote swali moja: unataka maoni kwa sauti, kwa maandishi, au yote mawili? Hakuna haja ya kueleza sababu.

Nilitarajia jina moja la anayetaka maandishi. Yamekuja ishirini na sita. Sababu sikuuliza, lakini wengine walinipa. Mmoja anatumia simu pamoja na dada zake wawili na hataki wasikie akikosolewa. Mmoja bando lake haliwezi kubeba sauti. Mmoja anasoma akiwa dukani mwa mjomba wake ambako redio haizimwi. Na wawili, mjomba, ni kama Scovia. Mmoja wao amefika mwaka wa nne.

Kwa upande wa pili, yuko kijana ambaye macho yake yana shida, na aliniandikia kuniomba nisiache sauti kamwe. Kwa hiyo sasa nafanya yote. Kazi imeongezeka. Angwenyi anachukua nusu, bila kuombwa.

Njooni tarehe ishirini na mbili, mapema.

Celestine


Kegonga,
20 Oktoba 2025

Mwanangu Celestine,

Umeona nilikoandikia. Niliondoka Macalder mwisho wa Agosti. Daktari alituambia sote wawili kwamba kilichokufa hakirudi, unakumbuka, na kwamba Scovia atabaki na kile alichonacho iwapo hatasimama tena karibu na mashine ile. Nilimwambia mwenye mashine ukweli. Alikasirika nusu saa, kisha akaenda Migori mjini akanunua vifuniko vya masikio kwa wafanyakazi wote. Vijana wanavivaa shingoni kama mapambo. Siku yangu ya mwisho nilisimama mbele ya kila mmoja nikamvalisha mwenyewe.

Hiki kifaa nilichopewa cha sikio la kushoto sijakizoea. Kinaleta kila kitu pamoja, kuku, upepo, kijiko. Naweza kukaa nacho asubuhi tu. Nyasuguta anasema nimeanza kumjibu, na kwamba hakujua atachoka haraka hivyo.

Scovia yuko hapa, kama ujuavyo, katika shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya soko. Nilikwenda Alhamisi kumpelekea ndizi, nikasimama dirishani. Siku ya kwanza aliwaambia wanafunzi kwamba hasikii vizuri, kwa hiyo anayetaka kusema asimame, amtazame, aseme. Watoto wa Kikurya hawana aibu, wanasimama. Yuko mmoja tu ambaye aliinamisha kichwa akanong'ona. Nilidhani Scovia atampita. Aliacha ubao, akaenda mpaka kwenye dawati, akachutama mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa yule mtoto, akangoja. Sijui mtoto alisema nini. Najua tu kwamba darasa zima lilingoja pamoja naye.

Alinionyesha maoni uliyomwandikia baada ya kuja kumkagua, na jibu alilokuandikia kwamba hoja yako ya tatu si sahihi kwa sababu hukukaa mpaka mwisho wa kipindi. Nilimwuliza kama haogopi. Akasema wewe ndiye uliyemzoesha.

Dada yangu alifika Jumamosi kutoka kwako. Alikagua nyumba ya wazazi, akakagua paa nililoanza kubadilisha, akasema mabati mawili yamekaa vibaya, na ni kweli. Kisha alileta kigoda akakaa upande wangu wa kushoto. Aliongea mchana kutwa. Habari za nyanya yako, za mazishi, za mwaka mzima aliokaa na hasira. Theluthi ya maneno ilinipita. Zamani ningetikisa kichwa nikatabasamu, ndivyo nilivyofanya kwa watu wote miaka mingi, na wengi waliniona mpole.

Safari hii nilimgusa mkono nikamwambia, "Robi, hapo sikupata. Sema tena."

Akarudia.

Mjomba wako,
Mirumbe